Chuo cha Kijeshi cha Barabara ya Nane

Kwenye arobaini ya Meja Shuweha, tukiwa tumezunguka sinia la pilau uani kwake, mjukuu wake mmoja aliniuliza kama ni kweli bibi yake alikuwa mwanajeshi. Alikuwa akilisikia hilo "Meja" tangu utotoni, akadhani ni jina la utani tu. Nikamwambia ni kweli, bibi yake alikuwa Meja, na chuo cha kijeshi alichosomea kilikuwa nyumba ya tatu kutoka pale tulipoketi. Msichana akacheka, kisha akanitazama aone kama nami nacheka. Sikucheka. Niliangaza macho kumtafuta mtu wa kunishuhudia, nikaona wanawake wote pale ni wadogo mno, na ndipo nilipotambua kwamba katika wale waliosimama mstari mmoja nami mwaka ule nimebaki peke yangu. Basi nayaandika. Habari za wazazi wangu na za kuzaliwa kwangu Moa nitaziacha zilipo. Nautaka mwaka mmoja tu wa katikati ya miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatawala na bei ya katani ikizungumzwa kwenye kila baraza, nami nina miaka kumi na tisa na moyo usiojua kutulia.

Nilipanga chumba kwa Bi Rukia, Barabara ya Nane, Ngamiani. Nyumba ilikuwa ya udongo na boriti, imeezekwa bati, ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, na kuta za vyumba hazikufika paa. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma alimwombea afya. Changu kilikuwa cha mwisho, karibu na jiko, kina kitanda cha kamba, sanduku la bati na cherehani ya mkono, maana riziki yangu ilikuwa kushona. Jikoni alikaa Shuweha, aliyekuwa akikaanga vitumbua kila alfajiri na kuviuza mlangoni. Alivifunga katika kurasa za magazeti makuukuu, na humo ndimo nilimojifunzia kusoma, kwa sababu sikupata kuketi kwenye dawati hata siku moja. Nilisoma habari zilizolowa mafuta, nyingi zikiwa zimechanwa katikati, na mpaka leo nikikutana na habari iliyo kamili na mwisho wake hujiona nimependelewa. Nilikuwa na tabia moja inayochosha watu: sikuweza kuacha jambo likiwa nusu sawa. Mshono ukienda upande kidogo niliufumua wote. Nilifua glovu zangu za gwaride mpaka zikaanza kutoboka vidoleni, halafu nikalia kwa sababu zimetoboka. Usiku kabla ya mazoezi sikulala, kama mtu anayengoja hukumu, na asubuhi nilikuwa wa kwanza uani, nimesimama wima peke yangu katikati ya kuku.

Ua huo ndio uliokuwa chuo. Ulifagiwa kila siku, na mstari wa kusimamia ulichorwa kwa majivu. Tulikuwa wasichana wa mtaa na wanawake wachache walioolewa, tukivaa kanga za sare na mikanda myeupe, na bunduki zetu zilikuwa miavuli. Tuliiweka begani, tukaishusha, tukaigeuza, tukapiga nayo saluti, yote kwa amri moja. Bi Rukia, ambaye mchana aliuza udi na manukato sokoni, jioni alikuwa Jenerali. Shuweha ndiyo kwanza alikuwa amepandishwa kuwa Meja, na sherehe yake ilikuwa bakuli la kalimati. Wageni waliotuchungulia kupitia ua wa makuti walidhani tunacheza ngoma. Kulikuwa na ngoma ndani yake, na tarumbeta moja iliyobonyea, lakini mwenye kudhani tunacheza hakupata kusikia sauti ya Jenerali.

"Shikamoo, Jenerali."

"Marahaba. Tumbo ndani."

"Ndiyo, Jenerali."

"Mwanaidi, mbona unatembea kama uliyekanyaga mwiba?"

"Huyo hajakanyaga mwiba," Meja alidakia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Huyo anaogopa kuuumiza mchanga."

Wenzangu walicheka, nami niliona haya mpaka masikio yakawaka, kisha nikarudia hatua ile peke yangu baada ya magharibi mpaka ikanyooka.

Chuo kilianzishwa na mama yake Jenerali, marehemu Bibi Saada, baada ya vita vya kwanza vya dunia. Mumewe alikuwa askari wa Mjerumani, na miaka aliyokaa naye kambini Bibi Saada aliona magwaride mengi kuliko askari wenyewe, kwani askari hutazama mbele tu, na mke wa askari huwatazama wote. Siku kikosi kilipopanda treni kwenda bara alikuwa stesheni na binti yake mdogo. Mume hakurudi. Yeye akawakusanya wasichana wa mtaa, wengi wakiwa wa baba waliochukuliwa upagazi wasionekane tena, akawapanga mstari akawafundisha kusimama. Alikuwa akisema mwanamke anayejua kusimama hasukumwi ovyo. Nilipofika Ngamiani nilikuwa nimesukumwa vya kutosha, na maneno hayo yaliponifikia kwa mdomo wa bintiye nilitamani yawe yangu.

Kila Idi pili chuo kilitoka mitaani na kuzunguka mji kwa vituo vinne: stesheni ya reli, mnara wa saa, Boma la zamani linalotazama bahari, na makaburi ya askari wa vita vile. Watu wanaokuja Tanga siku hizi hupigwa picha mbele ya majengo hayo na kuambiwa nani aliyajenga. Sisi tulisimama mbele yake kusema nani alipita. Pale mnarani Bibi Saada aliwauzia uji wapagazi. Bomani alikwenda kuuliza habari za mumewe kwa serikali mpya, akaambiwa askari wa Mjerumani hana wa kuulizwa. Makaburini aliwasomea fatiha wasioandikwa majina. Kwenye kila kituo mmoja wetu, aliyeitwa Msemaji, alitoka mstarini akasimama chini ya mwavuli mkubwa mwekundu akaitamka historia hiyo kwa sauti. Na nyuma yetu walifuata wapinzani wetu wa Chumbageni, ambao walijiita jeshi la majini, wamevaa kola za buluu, wakiongozwa na Bi Tatu aliyekuwa na cheo cha Admeri. Wao walikuwa na haki moja. Wakilitilia shaka neno la Msemaji, Admeri aliunyanyua mwavuli wake uliofungwa na kupiga kelele, "Shahidi!" Hapo ilibidi tumtoe mtu aliye hai, aliyeona kwa macho yake au aliyesikia kwa aliyeona. Akipatikana, Admeri aliufungua mwavuli wake kuonyesha amekubali. Asipopatikana, wetu mwekundu ulifungwa. Na chuo kilichofungwa mwavuli kwenye kituo cha kwanza hakikuendelea na vingine, kilirudi nyumbani kwa vichochoro. Kulikuwa na chuo kingine Barabara ya Kumi na Tisa kilichorudi kwa vichochoro kabla mimi sijafika mjini. Wazazi waliwaondoa mabinti zao, na haukupita muda kikasahaulika.

Msemaji wetu wa siku nyingi aliolewa Pangani mwaka huo, na Jenerali akanichagua mimi. Alisema nina kumbukumbu. Nakiri hapa kwamba nilikitamani cheo kile kwa uchu ulionitia hofu. Watu wa mtaani walikuwa bado wananiita "yule wa Moa", na nilijiambia kwamba atakayeusemea mji mbele ya majengo yake hataulizwa tena ametoka wapi. Niliyahifadhi maneno ya vituo vyote vinne. Niliyarudia bombani nikichota maji, nikiwa kwenye cherehani, nikiwa natafuna. Ya stesheni ndiyo yaliyokuwa mafupi na mazito kuliko yote: "Hapa ndipo Bibi Saada alipomwona mumewe mara ya mwisho. Akaenda vitani, akafa shahidi." Kwenye neno la mwisho ngoma ililia mara moja, na wote tukapiga mguu chini.

Ilikuwa alasiri moja ndani ya Ramadhani. Nilikuwa chumbani nikishona tepe za mabegani, na upande wa pili wa ukuta Jenerali na Meja walikuwa wakitayarisha futari. Nilisikia mbuzi ikikuna nazi na harufu ya mhogo ilinifikia juu ya ukuta pamoja na mazungumzo yao.

"Kumbe Tatu alirudi kutoka Mombasa kabla ya mfungo," Meja alisema.

"Karibu zake."

"Alikwenda arusini huko. Watu walipojua anatoka Tanga wakamuuliza, je, anamjua mtu anaitwa Rukia? Baba yao alikuwa askari wa Mjerumani. Aliacha mke na mtoto Tanga, mtoto anaitwa Rukia."

Mbuzi ikanyamaza.

"Wako wangapi?" Jenerali aliuliza.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua tangu nimepata akili. Mama aliletewa habari vita vilipokwisha. Alilitoroka jeshi, akavuka mpaka, akaoa Mombasa."

"Na huko kufa shahidi?"

"Mama alisema mtu akikutoka bila kuaga, una haki ya kumzika."

Nikamsikia Meja akikoroga chunguni. "Basi huyo Tatu atamfufua," alisema. "Idi pili, stesheni, mbele ya watu wote. Atanyanyua mwavuli, na sisi shahidi wa kufa kwake tutamtoa wapi?"

"Tia chumvi," Jenerali alisema, na mbuzi ikaanza tena kukuna, kwa kasi, kama inayofukuzwa.

Sindano ilikuwa imenichoma kidole nami sikuitoa. Jioni ile nilifungua saumu kwa tende moja na maji, mhogo sikuugusa. Nilijua mambo matatu kwa pamoja: kwamba nimepewa maneno yasiyo kweli niyaseme kwa sauti kuliko watu wote, kwamba adui anajua, na kwamba nikiyasema chuo kitarudi kwa vichochoro. Wasichana wa siku hizi wakiniletea shida zao za kazini, wameambiwa waseme jambo wasiloliamini, huwa siwapi mawaidha. Huwauliza kwanza kama wanakula. Najua mwili unavyogoma kabla akili haijaamua.

Zilipobaki siku chache Idi ifike nilimkuta Jenerali peke yake ukumbini, anachagua mchele kwenye ungo. Nilisimama mbele yake, visigino pamoja.

"Jenerali, naomba ruhusa ya kusema."

"Sema."

"Neno moja la stesheni siliwezi. Kwamba alikufa shahidi."

"Unaliweza. Umelisema bombani mpaka mbuzi wa jirani wanalijua."

"Sasa siliwezi. Admeri atanyanyua mwavuli, na shahidi hatuna."

Vidole vyake vilikoma juu ya mchele. "Umeyasikia wapi?"

Nilitazama juu, pale ukuta ulipoishia.

"Nyumba hii haina adabu," alisema. Kisha akaweka ungo chini. "Mama yangu aliyasema maneno hayo mpaka anaingia kaburini. Wewe wa Moa, uliyekuja juzi na sanduku la bati, ndiye wa kuyasahihisha? Utayasema kama yalivyo. Nyuma geuka."

Nikageuka. Machozi yalikuwa yananitoka, lakini niligeuka vizuri sana, na hata wakati ule, nikiwa na uchungu wote ule, sehemu moja ya moyo wangu iliona fahari kwa jinsi nilivyogeuka.

Kesho yake nilikwenda stesheni peke yangu. Nilikaa kwenye benchi jukwaani, watu wakipandisha matenga na kuku kwenye mabehewa ya daraja la tatu, nikalitazama jengo lile la Mjerumani ambalo nimeambiwa lilikuwa vile vile siku ile. Nilijaribu kumwona Bibi Saada. Nikayatamka yale maneno polepole, neno baada ya neno, nikiyapima kama ninavyopima kitambaa. Alimwona mumewe hapa: kweli. Mara ya mwisho: kweli, hakumwona tena. Akaenda vitani: alipanda treni ya vita, kweli. Baada ya hapo ndipo uzi ulipokwenda upande. Mimi nilijifunza kusoma kwa habari zilizochanwa, nilijua kwamba habari inaweza kukatwa na ile nusu iliyobaki ikasimama kwa miguu yake. Niliinuka kwenye lile benchi nikiwa na maneno mapya, na kwa mara ya kwanza tangu alasiri ile nilisikia njaa. Nilinunua bajia pale nje nikasahau kwamba nimefunga, mpaka muuzaji, aliyezikaanga kwa ajili ya magharibi, aliponitazama kwa mshangao, nikazifunga upindoni nikaenda nazo nyumbani.

Idi pili ilikuwa na jua kali. Tulitoka Barabara ya Nane na miavuli begani, tarumbeta mbele, waendesha baiskeli wakishuka kutupisha, watoto wakipiga hatua kando yetu. Jenerali alivaa koti jeupe la vifungo vya shaba na hakuwa amezungumza nami tangu siku ya mchele, ila kwa amri. Watu wa Chumbageni walitufuata nyuma na wimbo wao: "Wa Moa, mla ng'onda, nani kakupa mdomo?" Ng'onda ni samaki mkavu, na ni kweli tulikuwa tukimla sana kwetu, kwa hiyo wimbo ule uliniuma mara mbili. Nyuso zilijaa stesheni. Kumbe habari za Mombasa zilikwisha kuenea, na wengi walikuja kuona mwavuli mwekundu ukifungwa.

"Msemaji, mbele tembea!"

Nikatoka mstarini. Mwavuli mwekundu ukafunguliwa juu yangu. Ajabu ni kwamba sikuogopa. Hofu yangu siku zote ilikuwa ya kukosea, na maneno niliyokuwa nayo mdomoni nilikuwa na hakika nayo.

"Hapa ndipo Bibi Saada alipomwona mumewe mara ya mwisho," nilisema. "Treni ikaenda. Yeye akarudi Ngamiani kwa miguu, ameshika mkono wa mtoto, akawapanga mstari wasichana wa mtaa."

Nikaishia hapo. Mpiga ngoma wetu alikuwa ameinua kirungu akingoja neno la kufa, akabaki nacho hewani hajui akiweke wapi. Wenzangu nusu walipiga mguu, nusu hawakupiga. Sikuthubutu kumtazama Jenerali.

Bi Tatu akaunyanyua mwavuli wake. "Shahidi!" Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, na alijua kuitumia. "Jamani, mbona habari imekatwa mkia? Mwaka jana huyu bwana si alikufa? Amefufuka?"

Watu wakaangua kicheko.

"Alikwenda wapi, wewe wa Moa? Sema! Au ng'onda amekukwama?"

"Admeri," nilisema, "aliyekwenda hakujenga chuo. Sisi tumesimama hapa kwa ajili ya aliyerudi."

"Eeeh!" watu wakaitikia, lakini Bi Tatu hakuushusha mwavuli. "Maneno matamu," alisema. "Mimi nimeomba shahidi."

Kwa sheria alikuwa na haki. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli yangu haikuwa na mtu wa kusimama nyuma yake isipokuwa mmoja, ambaye amri yake nilikuwa nimeiasi mbele ya mji mzima. Nilimsikia kabla sijamwona. Alimpa Meja mwavuli wake, akaja mbele, tena hakupiga hatua za gwaride. Alikuja kwa mwendo wa mwanamke anayevuka njia kwenda kwa jirani.

"Tatu," alisema.

"Naam, Jenerali."

"Hujambo?"

Bi Tatu alisita. "Sijambo."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Nasikia ulikwenda Mombasa arusini. Ndugu zangu uliwaona?"

Silaha aliyoibeba Bi Tatu kutoka Mombasa, aliyoinoa mwezi mzima wa mfungo, mwenyewe Jenerali alikuwa ameichomoa na kuiweka wazi juani, tena kwa sauti ya kuulizia hali.

"Niliwaona," Bi Tatu alisema.

"Hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

Ilimtoka tu. Mtu wa pwani akiulizwa hali ya ndugu za mwenziwe, mdomo huimalizia wenyewe. Lakini mara tu ilipomtoka alijua alichosema, na sisi sote tulijua. Kwetu salamu ni amana. Ukipewa uifikishe, unaifikisha siku ile ile uliyorudi, kabla hujafungua mzigo, hata kama mwenyewe ni mtu mliyegombana. Kukaa nayo ni kama kukaa na mali ya yatima.

"Wananisalimu," Jenerali alirudia, taratibu. "Walikupa lini salamu zangu, Tatu?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Na umefunga nazo mwezi mzima?"

Muuzaji wa bajia, aliyekuwa kwa mbali kwenye karai lake, alipaza sauti: "Salamu ni amana, jamani! Mwezi mzima?" Hata kwenye kola za buluu kuna walioinamisha vichwa. Jenerali hakungoja wamalize kunong'ona. Aliwageukia watu.

"Shahidi ni mimi," alisema. "Nilisimama hapa nimeshika upindo wa kanga ya mama. Baba alipanda treni. Hakufa. Alikwenda Mombasa akaoa akazaa, na hao ndugu zangu wananisalimu. Mama hakumwona tena. Tulirudi kwa miguu. Alivyosema Msemaji wetu ndivyo."

Sijui ilichukua muda gani. Najua niliona mkono wa Bi Tatu ukishuka, ukahangaika na kifungo, na mwavuli wake ukafunguka. Kisha akasogea karibu, si kama Admeri tena, akasema kwa sauti ya chini ambayo mimi, niliyekuwa hatua moja kutoka kwao, niliisikia: "Nisamehe, Rukia. Hazikuwa hizo tu. Kaka yako mkubwa wa upande ule amesema uende. Amesema anangoja."

"Mkubwa?" Jenerali alisema. "Mkubwa ni mimi." Na akampokonya Meja mwavuli, akapaza sauti, "Mbele tembea!" hivi kwamba tarumbeta ilianza kabla ya mpigaji kuwa tayari. Tulipita mnara wa saa, tukapita Boma, tukafika makaburini, na kwenye vituo vyote vile vitatu hakuna aliyenyanyua mwavuli.

Nyumbani, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, aliniita ukumbini.

"Umeasi amri."

"Ndiyo, Jenerali."

"Mbele ya Chumbageni."

"Ndiyo, Jenerali."

"Adhabu yako ni kunisindikiza Mombasa."

Tulikwenda baada ya wiki chache, kwa basi lililosimama Horohoro watu wakashuka kunywa chai. Jenerali hakunywa. Alikuwa amebadilisha kanga mara kadhaa asubuhi ile na alikuwa akiupapasa upindo wa ile aliyoivaa, akiunyosha, akiukunja, akiunyosha tena, nami niliitambua hali ile kwa kuwa ilikuwa yangu. Nilimwambia kanga imekaa vizuri. "Una hakika?" aliniuliza, mwanamke ambaye sijapata kumsikia akimwuliza mtu swali hilo. Nikamwambia mimi ni fundi wa kushona, na nina hakika.

Kaka yake alikuwa seremala, mtu mzima mwenye mvi chache na paji la uso la Jenerali mwenyewe. Alitoka mlangoni na vumbi la mbao mikononi, akasimama, hajui aufute kwanza au ampe mkono.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Jenerali alisema, na kwa mazoea macho yake yakamshukia tumboni. Yule bwana akalivuta ndani bila kujua kwa nini. Hapo ndipo wote wawili walipocheka, na kucheka kwenyewe kukageuka kilio, na watoto wa nyumba ile wakaja kusimama mlangoni kutazama watu wazima.

Tuliandaliwa mahamri na mbaazi za nazi. Mkewe aliniuliza mimi ni nani. "Binti yetu wa Ngamiani," Jenerali alijibu, akichovya hamri lake, kama aliyeulizwa jambo dogo. "Ndiye anayetusemea." Nilitazama sahani yangu nikatafuna polepole ili nisionekane. Kisha kaka mtu akasafisha koo. Alisema baba yao alikuwa akisimulia vita kila siku, ila Tanga hakuitaja hata mara moja, mpaka alipokuwa anakufa ndipo akasema kwamba aliacha mke huko na mtoto. Hakusema zaidi, nao hawakujua wa kumwuliza.

"Basi nikuulize wewe, dada," alisema. "Yule mama. Treni ilipoondoka, alifanyaje?"

Jenerali aliweka kikombe chini. Watoto mlangoni walikuwa wamekaa sakafuni wakingoja. Akaniangalia.

"Msemaji."

"Naam, Jenerali."

"Waambie."

Nikapangusa vidole, nikasimama, nikaweka visigino pamoja juu ya mkeka wa watu, nikaanza na stesheni.